Mtihani wa Milima na Mabonde

Pana swali moja la jiografia ambalo ni nadra mwanafunzi wa sekondari kumaliza masomo yake pasipo kulikuta. Ni lile limtakalo aeleze, kwa msaada wa mchoro, jinsi mto upitao tambarare unavyojipinda, ukajipinda tena, hata mwisho ukakata njia mpya na kuacha nyuma yake ziwa lenye umbo la kwato la farasi. Nilipata kusahihisha jibu la kijana mmoja ambaye mchoro wake ulikuwa safi kama wa kitabuni. Mishale ilielekea palipotakiwa, majina yalikuwa kamili, na maelezo yalifuatana hatua kwa hatua. Nilimpa alama zote, kwa maana haki yake ilikuwa hiyo.

Siku ya pili nilimwuliza swali dogo kwa mdomo. Kama angepewa kiwanja kwenye kona ya mto, angejenga nyumba yake ukingo upi: ule wa nje ya kona au ule wa ndani? Alijibu bila kusita kuwa angejenga ukingo wa nje, kwa sababu maji ya upande ule ni ya kina na ndoo hujaa upesi.

Jibu hilo lilinishtua. Ukingo wa nje ndipo maji yaendapo kasi na kuula udongo kidogo kidogo kila mwaka. Ukingo wa ndani ndipo yapunguzapo mwendo na kuuangusha mchanga. Mambo hayo mawili ndiyo hasa yaliyoonyeshwa na mishale yake mwenyewe. Alikuwa ameichora mishale, lakini haikumwambia neno. Na jambo hili si mchezo wa darasani. Katika bonde la chini la mto Tana, ambao ni mto mrefu kuliko yote ya Kenya, maziwa ya namna hiyo yametapakaa kando ya mto, na kila moja ni ushahidi kuwa hapo zamani palikuwa na maji yaendayo, na yamkini watu waliolima kandokando yake. Mkulima wa huko ambaye hakuvuka mlango wa shule ajua ukingo upi wa kuaminiwa. Mtahiniwa wetu aliyepata alama zote hakujua.

Tangu hapo nimekuwa nikizichungua njia mbalimbali ambazo walimu huzitumia kupima kama mwanafunzi ameielewa sura ya nchi, na katika insha hii nataka kuzihukumu njia hizo, ile ya zamani na zile zisifiwazo siku hizi kwa upya wake. Nawaandikia wanafunzi, wala si walimu peke yao, kwa sababu mwanafunzi ndiye apimwaye, na apimwaye ana haki ya kuujua ubora wa mizani.

Nianze kwa kuutetea mtihani wa kalamu na karatasi, maana wengi huushambulia pasipo kuutendea haki. Mtihani wa KCSE, ambao watahiniwa wa kwanza waliufanya mwaka 1989, huwauliza wanafunzi wa Lodwar maswali yale yale wanayoulizwa wa Nairobi na wa Lamu. Hauhitaji gari la safari, wala rangi za kununua, wala mzazi mwenye nafasi ya kumsaidia mtoto usiku. Tena karatasi yake ya kwanza huwa na ramani yenye mistari ya kontua, na mistari hiyo, kwa maoni yangu, ni kipimo bora kuliko michoro yote ya kukariri. Mwanafunzi hawezi kuikariri ramani asiyopata kuiona. Aonapo mistari imesongamana ni lazima ajue kwamba pana mteremko mkali, na aionapo imejipinda kuelekea juu ni lazima atambue bonde. Kosa la mtihani si kalamu. Kosa ni maswali yale yanayorudi mwaka hata mwaka kwa maneno yale yale, hata jibu likawa kama wimbo: lina mahadhi, lakini mwimbaji hafikiri maneno.

Sasa nije kwenye njia mpya. Inayopendwa kuliko zote ni kufinyanga. Wanafunzi huambiwa watengeneze mlima wa volkano kwa udongo, gazeti lililolowekwa au unga, kisha watie magadi shimoni mwake na kumimina siki. Povu hufurika, darasa hushangilia, na mwalimu hugawa alama. Mimi pia nilishangilia nilipouona kwa mara ya kwanza. Lakini tuulize: mtoto amejifunza nini, na mwalimu amegundua nini? Volkano haifuriki kwa sababu vitu viwili vichungu vimekutana kilindini. Mwamba ulioyeyuka hupanda kwa kuwa ni mwepesi kuliko miamba iliouzunguka, nayo gesi iliyofungiwa ndani yake hutanuka kadiri uzito wa juu unavyopungua, kama chupa ya soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Mfano wa siki wafundisha jambo lisilo la kweli kwa njia ya kupendeza, na alama zitolewazo ni za ufundi wa mikono. Niliwahi kuona mlima mmoja uliopakwa rangi nzuri sana, wenye miti midogo na hata kibanda cha mlinzi. Mwenye mlima huo alipoulizwa kwa nini shimo liko juu na si ubavuni, alinyamaza. Kumbe ulikuwa umefinyangwa na kaka yake.

Hata hivyo nisitupe udongo kwa sababu ya siki. Upo mfano mmoja ambao naupenda sana, nao hauhitaji zaidi ya sinia, udongo, maji na saruji kidogo. Msingi wake ni nyanda ya Yatta, ule ukuta mrefu wenye kichwa bapa uendao karibu kilomita 300 kuelekea kusini-mashariki, na mto Athi ukiuandama ubavuni. Zamani sana pale palikuwa bonde. Lava ilitiririka ikalifuata bonde hilo, kama maji yafuatavyo mfereji, ikaganda. Ardhi ya pande zote mbili ilikuwa laini kuliko lava, ikaliwa na mvua na mito kwa miaka mingi mno, hata kilichokuwa juu kikawa chini, na kilichokuwa chini kikasimama juu. Basi mwalimu na achukue sinia ya udongo, akate mfereji katikati, amimine saruji ndani yake, aiache ikauke. Kisha, kabla hajamwaga hata tone moja la maji, amwamuru kila mwanafunzi achore jinsi sinia itakavyoonekana baada ya kunyunyiziwa maji kwa muda mrefu. Siri yote iko katika neno hilo: kabla. Mwanafunzi aliyeelewa atauchora ukuta uliosimama. Asiyeelewa atachora mfereji uliozidi kuchimbika, kwa sababu akilini mwake bonde ni bonde milele. Baada ya hapo maji yatawahukumu wote wawili, na mwalimu hatakuwa na haja ya kupaza sauti. Hapo kazi ya mikono imekuwa kipimo cha akili, maana imemlazimisha mwanafunzi atangulie kusema litakalotokea.

Njia nyingine ni ya kutunga. Mwanafunzi huambiwa ajifanye tone la mvua, aandike barua akiwasimulia wenziwe safari yake kutoka mlimani hadi baharini. Walimu wa lugha huipenda, nao walimu wa jiografia wameikopa kwao. Nimesoma barua nyingi za namna hiyo, na aibu yangu ni kuwa zamani nilikuwa nikizisahihisha kama insha: palipo na tamathali nzuri niliongeza alama. Tone likilia, likicheka, likiagana na jiwe, mimi nilifurahi. Sikuuliza tone limepitia wapi. Siku hizi nauliza kwanza mahali lilipoangukia. Tone lililoanguka upande wa kusini wa Mlima Kenya laweza kuingia mto Tana, kupita mabwawa, na kufika Bahari ya Hindi. Lakini tone lililoanguka kaskazini ya mlima uo huo litachukuliwa na Ewaso Ng'iro, na mto huo, badala ya kufika pwani, humalizikia katika kinamasi cha Lorian. Maji yake hunywewa na mchanga na jua. Mwanafunzi anayelipeleka tone la kaskazini hadi baharini, hata akilipeleka kwa Kiswahili cha kutia nakshi, hajaijua nchi. Yuko pia tone mwerevu zaidi, ambaye husimulia kwamba alibeba mchanga tangu milimani, akafika bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981, na hapo mwendo ukampotea, mchanga ukamwanguka mikononi, akaendelea mtupu. Mwandishi wa barua hiyo ameelewa kwa nini mto huchimba, kwa nini hubeba, na kwa nini hutua mzigo. Mambo matatu ambayo kitabu huyaweka katika sura tatu mbalimbali. Barua basi ni kipimo chema, ila kwa sharti kwamba msomaji wake awe na ramani mezani.

Nafika sasa kwenye njia ambayo naiona kuwa bora, ingawa haisifiwi na mtu. Jiografia katika shule zetu za sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hutahiniwa. Sina ugomvi na lugha hiyo. Lakini nimetambua kuwa maneno ya kigeni yana tabia ya kusafiri kutoka kitabuni hadi kwenye karatasi ya mtihani bila kupitia akilini. Mwanafunzi huyaokota yakiwa mazima na kuyatua yakiwa mazima. Basi mwambieni aende nyumbani, akae na nyanya yake, amweleze kwa lugha ya nyumbani kwa nini kisiwa cha Mombasa ni kisiwa. Hapo msamiati wa kitabu wote humtupa mkono. Nyanya hajui istilahi, wala hana subira nazo. Atauliza: «Maji hayo yalitoka wapi?» Na mjukuu hana budi kufikiri.

Ajuaye ataeleza hivi. Zamani za baridi kuu, yapata miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalikuwa yamefungwa katika barafu, na bahari ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa mita 120 hivi. Mito iliyotoka bara ililazimika kushuka hadi huko chini, ikakata mabonde ya kina katika miamba ya pwani. Barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda, ikaingia ndani ya mabonde hayo na kuyajaza. Mabonde yaliyozama ndiyo hori za leo zilizouzunguka mji, na ardhi iliyobaki katikati ndiyo kisiwa. Kwa sababu hiyo meli kubwa huweza kuingia hadi bandarini, maana chini ya meli kuna bonde la mto wa kale. Na hapo nyanya, kama ni mtu wa pwani, atacheka na kusema kuwa jambo hilo si geni, kwani mahali penyewe paitwa Kilindini, na kilindi ni nini kama si maji ya kina? Mabaharia walikwisha kulipa jina lile walilolijua kwa chombo na kamba ya kupimia.

Hazina hii ya maneno twaipuuza. Mswahili wa pwani alitofautisha rasi na ghuba, fungu na kipwa, mlango na hori, wala hakuyasoma katika daftari. Kila jina ni jibu la swali la mtihani lililoulizwa na bahari yenyewe, na aliyekosea alipoteza jahazi. Vivyo hivyo kule magharibi, Wajaluo huuita mnara wa mawe ulio karibu na Kisumu Kit Mikayi, yaani jiwe la mke wa kwanza, nao wana hadithi yake. Kipimo kizuri ni kumtaka mwanafunzi asimulie hadithi hiyo kwa heshima, kisha asimulie ile nyingine ya miamba: jinsi maji yalivyopenya katika nyufa za itale chini ya ardhi, yakaiozesha kandokando ya nyufa, na udongo ulipoondolewa na mvua yakabaki matofali makubwa yaliyobebana. Asiyeweza kuzitenganisha hadithi mbili hajaelewa hata moja.

Lipo tena lile swali la kubishana, ambalo mwalimu husema jambo la uongo kwa uso mkavu na kuwataka wanafunzi walipinge. Kwa mfano: «Bonde la Ufa lilichimbwa na mto mkubwa uliokauka.» Msidhani kuwa wapumbavu pekee huamini hivyo, wengi waliokwisha kuona korongo nyuma ya shule likichimbwa na mvua huamini kuwa kila bonde lina mto uliolizaa. Mwanafunzi aliyekariri atajibu kwamba kitabu chasema ardhi ilivutwa pande mbili, ikapasuka, na sehemu ya kati ikadidimia. Ni kweli, lakini hiyo ni sauti ya kitabu. Aliyeelewa atatafuta ushahidi. Atasema: tazameni usawa wa maziwa. Naivasha liko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Ukienda kaskazini sakafu ya bonde yateremka hata Turkana, lililo karibu mita 360. Ukienda kusini yateremka hata Magadi, lililo karibu mita 600. Mto gani uliopanda kilima katikati ya safari yake, kisha ukashuka upande wa pili? Hoja kama hiyo ndiyo ningeipa alama zote, na mwenye kuitoa angestahili kusimama mbele ya John Walter Gregory mwenyewe, yule mwanajiolojia Mwingereza aliyelitembelea bonde mwaka 1893 na kulieneza jina lake duniani.

Magazeti nayo hutuletea maswali ya bure. Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mrefu ulifunguka karibu na Mai Mahiu na kuikata barabara iendayo Narok. Habari zikaenea ulimwenguni kwamba Afrika inapasuka vipande viwili mbele ya macho yetu. Wanajiolojia wengi waliouchunguza walieleza jambo lenye makeke madogo zaidi: majivu ya volkano ya zamani, ambayo ni laini, yalikuwa yamechukuliwa na maji chini kwa chini, na juu pakaporomoka. Bara kweli latanuka, lakini kwa milimita chache kwa mwaka. Mpe mwanafunzi habari ile ya gazeti, umwulize ni sentensi ipi iliyo kweli, ipi iliyo uongo, na ipi iliyo kweli iliyotumiwa vibaya. Swali hili laonyesha kama akilini mwake zimo saa mbili, ile ya mvua ya usiku mmoja na ile ya mamilioni ya miaka.

Nisiyafiche matatizo ya njia hizi. La kwanza ni upendeleo. Kazi iliyofanyiwa nyumbani humbeba mtoto wa mwenye mali. Na kazi isiyo na jibu moja humwachia mwalimu nafasi ya kumpenda huyu na kumchukia yule. La pili ni wakati. Dawa ya kaka afinyangaye mlima wa mdogo wake ni maswali mawili kwa mdomo, dakika mbili kwa kila mwanafunzi. Lakini darasa lenye wanafunzi 60 litakula dakika 120, yaani vipindi vitatu vya dakika arobaini, na mwalimu ana madarasa manne. Wanaoandika sifa za upimaji wa kubuni mara chache huifanya hesabu hiyo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kuenezwa katika shule za msingi mwaka 2019, umewataka walimu wapime kwa kazi za vitendo, nao wazazi wengi wamelalamika kuwa kazi hizo wazifanyao ni wao. Malalamiko hayo si ya uvivu tu. Mimi ningechagua kazi moja kwa muhula, ifanywe darasani mbele ya macho ya wote, iwe kama ile sinia ya Yatta, kuliko kazi kumi zitokazo majumbani zikiwa zimepakwa rangi.

Wengine watasema kuwa nimelikuza jambo dogo, kwamba mwanafunzi asiyejua ukingo wa mto atajifunza atakapokua. Pengine. Lakini mwezi wa Novemba 2019 mvua ziliporomosha miteremko ya Pokoti Magharibi, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Sisemi kuwa walikufa kwa kukosa jiografia. Maskini hujenga pale apatapo, hata akijua hatari. Nasema tu kuwa miongoni mwa wanafunzi wa leo watatoka wapimaji wa viwanja, wahandisi wa barabara, machifu na madiwani, na watakaoweka sahihi kuruhusu kijiji kipya kichorwe mahali fulani. Ningependa kila mmoja wao awe alikwisha kuulizwa, angalau mara moja, swali ambalo jibu lake halimo kitabuni.

Swali nilipendalo kuliko yote ni la milima miwili. Longonot una shimo kubwa kileleni, duara kamili, na atembeaye ukingoni mwake huzunguka akarudi alipoanzia. Mlima Kenya nao ulikuwa volkano, tena mkubwa kuliko Longonot. Walakini kilele chake cha Batian, chenye mita 5,199, ni jino la mwamba lililochongoka, wala halina shimo. Shimo limekwenda wapi? Nililiandika ubaoni siku ya Ijumaa, nikakataza vitabu. Yule kijana wa mchoro wa mto alikaa muda mrefu bila kuandika. Kisha akachora mlima mpana wenye shimo juu, akachora mwamba mgumu uliogandia kooni mwake kama kizibo, na juu ya mchoro huo, kwa mistari hafifu, akaanza kukifuta kilele kidogo kidogo, akiandika pembeni: barafu, barafu, mvua, barafu. Alipomaliza kufuta, kizibo peke yake kilikuwa kimesimama. Hakuweka mshale hata mmoja.